Bonde la Mama na Vitabu vya Mirihi

Sipendi kuanza na hasira, kwa maana Mwenyezi Mungu amenipa umri, macho na wajukuu. Lakini kila nikiulizwa kama vile vitabu vya Mirihi vilinipendeza, hasira ndiyo inayotangulia. Basi na itangulie.

Vilikuwa vinne, vya Kiingereza, mfululizo mmoja. Mwenye vitabu alikuwa mzungu mpimaji ardhi niliyemfanyia kazi zama za Mwingereza. Mimi nilimshikia mnyororo wa kupimia. Siku moja alinikuta nasoma gazeti wakati wa chakula, akaniazima cha kwanza. Humo watu wanaondoka duniani, wanajenga mwezini, kisha Mirihi, kisha kwenye miezi ya sayari ya Mushtara. Wala si hadithi za majini. Mwandishi alipiga hesabu ya kila kitu: hewa ya mtu mmoja kwa siku, maji, uzito wa chombo, miezi ya safari. Mimi chuoni nilifundishwa falaki kidogo kwa ajili ya nyakati za sala, na nilipoona mtu anazitaja nyota zile zile kwa hesabu, nilimpenda kama mwalimu wangu.

Alasiri nikitoka kazini nilimsomea mama, barazani kwetu Temeke, nikitafsiri.

"Maji wanapata wapi huko?"

"Kuna barafu, mama. Wanaiyeyusha."

"Na wakiswali wanaelekea wapi?"

"Hawaswali."

"Safari yote hiyo, na kuswali hawaswali! Endelea, baba, tuone watakavyotaabika."

Katika kitabu cha pili wanatua Mirihi, wanapigilia vigingi kwenye bonde kavu, na kwenye ramani wanaandika kuwa halina mtu.

"Wamemuuliza nani?" mama akasema.

"Hakuna wa kumuuliza, mama."

"Wamejuaje, na wamefika jana?"

Nilicheka. Nakumbuka nilivyocheka, na hapo ndipo ninapojikasirikia.

Nilikuwa nimemaliza cha tatu tulipopelekwa kupima Temeke. Ilikuwa kiangazi. Siku ya tatu mnyororo ukafika kwenye bonde la mama. Lilikuwa bonde la mpunga, kaachiwa na mama yake, naye aliachiwa na wake. Kiangazi huoni kitu pale ila nyasi na nyufa. Mama alipotuona akatoka na madafu mawili. Kwetu, mgeni akiingia kwenye ardhi yako humpigii kelele. Unampa cha kunywa, na akinywa amekukubali kuwa mwenyeji. Linalofuata ni yeye kuomba ruhusa.

Mzungu alikunywa dafu lake lote. "Ahsante sana, mama," akasema.

Mama akaniangalia, akatabasamu. Nami nikaona yamekwisha. Sikusema neno. Nikavuta mnyororo, na vigingi nikavipigilia kwa mkono wangu.

Baada ya majuma machache niliiona ramani mezani kwake. Bonde lilikuwa jeupe, na juu yake imeandikwa kuwa halina mtu.

"Bwana, hili lina mwenyewe. Ni mama yangu, yule aliyekupa dafu."

Alishangaa kweli. "Yule? Nilidhani amenihurumia tu, jua lilikuwa kali. Mbona hukuniambia?"

"Ulikunywa."

"Kunywa dafu ndiyo nini?"

Nikamweleza: ada yetu, mpunga, masika. Alinisikiliza vizuri, kiungwana, na uungwana wake ndio ulionichoma zaidi, maana hata tusi la kumrudishia sikupata. Akasema ramani imeshapelekwa kwa wakubwa, ile ni nakala. Mama aandike barua. Kisha akavuta mtoto wa meza akatoa kitabu cha nne.

"Hiki ndicho kizuri kuliko vyote. Wanafika Zohali."

Nilikiacha pale pale mezani.

Barua niliandika mimi, tatu. Jibu likaja moja: hakuna dalili ya kilimo, bonde ni la serikali. Mwenzao alikaa akakadiria hewa ya binadamu huko Mirihi, lakini wao hapa, mwendo mfupi kutoka ofisini kwao, hawakujua kuwa mpunga hulimwa mvua ikinyesha! Hawakutaka kujua. Kujua kungewalazimu kuomba.

Masika yalipoingia, mama akachukua jembe akateremka bondeni kama kila mwaka. Siku hiyo sikwenda kazini, nilikwenda naye, na wala sikurudi tena kwenye kazi ile. Tulikuwa tumelima majaruba mawili ya mpunga alipokuja askari, mtu wa bara, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa hapa hakuna mtu."

"Marahaba, mwanangu. Sasa umeona wangapi?"

Askari akatutazama, akanitazama mimi, akainama kama anayetafuta kitu kwenye maji. Akasema ametumwa tu. Kisha akatutoa.

Tulihamia Chanika. Mungu alitupa ardhi huko, na mihogo, na majirani wema, na mama alifia kwenye kitanda chake mwenyewe. Yote hayo nashukuru asubuhi na jioni. La bonde sijamsamehe mtu. Sheikh wangu aliwahi kuniambia niombe hasira hiyo iniondoke. Nilimwitikia kwa heshima, lakini dua hiyo mpaka leo sijaiomba.