Pampu Iliyorudi na Kitu Ndani

Msomaji huyu, mama wa upande wa Kabazi, ameomba jina lake lisijulikane. Tumelificha. Maneno ni yake mwenyewe.

Wasomaji wa ukurasa huu, hamjambo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na miwili, nina watoto wanne. Mume wangu ni dereva wa trekta kwenye shamba la mzungu huko Gilgil. Huja nyumbani Jumamosi, Jumapili jioni anarudi kazini. Nilisoma misheni mpaka darasa la nne, kwa hivyo barua hii nimejiandikia, na Bwana Mhariri akiona mahali wino umetawanyika, ajue nimelia hapo. Majina yote nimeyageuza.

Nina jirani nitakayemwita Rebeka. Nilipougua baada ya kumzaa Daudi wangu, nikalazwa hospitali, ni Rebeka aliyemnyonyesha. Titi moja la Daudi, titi moja la mtoto wake. Basi mtu asiniambie huyo ni jirani tu. Mimi nina mdomo mkali, hata wauza nyama wa sokoni wananiogopa, lakini Rebeka hajawahi kuchoka nami.

Huku kwetu tunalima waru, yaani viazi. Mvua ikinyesha na ukungu ukikaa, majani yanaingia madoa meusi, na usipopiga dawa upesi shamba lote linaoza na kunuka. Zamani tulikuwa tunamngoja bwana mmoja mwenye pampu ya kukodisha. Anapitia kwanza kwa wenye mashamba makubwa, akitufikia sisi anakuta tumeshalia tukanyamaza. Mwaka jana mume wangu alichoka. Akauza mtamba wetu mmoja wa ng'ombe, akanunua pampu ya shaba, ile ya kubeba mgongoni. "Mkulima asiye na pampu yake anaulimia ugonjwa," akasema. Nilimcheka sana, kwa maana aliipangusa kuliko viatu vyake vya kanisani.

Rebeka alipoiomba tulimpa kwa moyo mweupe. Akapiga dawa waru yake, akamaliza. Sasa, ninyi mnajua desturi yetu. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukiazima kiondo, unakirudisha na maharagwe kidogo chini. Ukiazima kibuyu, kinarudi na uji. Rebeka dawa yake ilikuwa imekwisha, na angeona aibu kurudisha pampu hivi hivi. Mume wake ni kibarua kwenye shamba la ngano. Akamwomba amletee kidogo ile dawa wanayonyunyizia ngano, maana wameona kwa macho yao kwamba ngano ikipigwa ile inasimama safi, inapendeza. Wakajua ni dawa ya nguvu. Dawa si dawa?

"Mama Daudi," aliniambia akiitua pampu mlangoni, "nimekuachia dawa ya mzungu humo ndani. Ni kali. Usiimwage."

"Umenifaa, mwenzangu," nikamjibu.

Sikuimwaga. Niliongeza maji na dawa yetu ya buluu, ile ya madoa, juu yake, nikabeba pampu, nikapiga shamba lote nikiimba. Baada ya siku chache majani yalianza kujikunja kama ngumi ya mtoto. Mashina yakapinda, yakavimba, yakalala chini. Nilimwita bwana shamba. Akainusa pampu, akaniuliza ilikuwa na nini, nikamweleza.

"Mama," akasema polepole, "hiyo ni dawa ya kuua magugu. Ngano inaiacha. Jani pana inaliua, na waru ni jani pana."

Hatukuvuna hata za kuchoma jivuni.

Jumapili mume wangu alikwenda kwa Rebeka, watu wakitoka kanisani. Alimwambia mbele ya wote, "Uliionea pampu yangu wivu, ukatia sumu."

Rebeka hakubishana. Alisema tu, "Baba Daudi, ningeirudisha vipi tupu?"

Nikamshika mume wangu mkono, nikamwambia ni mimi niliyepiga ile dawa, anyamaze. Hapo ndipo aliponigeukia akaapa. "Pampu hii haitavuka ua wangu tena. Kila mkulima awe na yake, ajue kilichomo ndani. Na siku itakapotoka, wewe nawe utoke, urudi kwa baba yako."

Si mtu mbaya, jamani. Alisema kwa uchungu, na kuna ukweli ndani yake. Mwenye pampu yake hangoji mtu, wala hashangai kilichomo. Lakini si kila mtu ana mtamba wa kuuza. Rebeka ana mbuzi wawili na mume mwenye kifua kibovu.

Sasa mvua imerudi, na ukungu haujatoka tangu juzi. Nikisimama mlangoni kwangu nayaona madoa meusi kwenye waru ya Rebeka, upande wa chini, na yanapanda. Mwenye pampu ya kukodisha yuko Subukia, hajulikani atarudi lini. Pampu yetu iko nyuma ya mlango. Nikichukua jembe naigusa kwa bega. Kuna wakati nafikiri, si niibebe mgongoni mimi mwenyewe, nikampigie shamba lake, niirudishe nikiwa nayo? Je, hapo itakuwa imevuka ua au ni mimi niliyevuka?

Rebeka hajaniomba. Juzi nilipeleka kiondo cha mahindi mlangoni kwake, nikakuta ameenda mtoni, nikakiacha. Nilitaka ajue moyo wangu uko wapi.

Leo asubuhi nimekikuta kiondo changu kimetundikwa kwenye ua. Amekiosha, amekianika kikakauka. Nilitia mkono ndani nikapapasa pembe zote, nikitafuta hata punje moja ya maharagwe. Hakuna kitu. Rebeka, aliyemnyonyesha mwanangu, sasa anaogopa kuniachia kitu chomboni.

Mume wangu anakuja Jumamosi, na waru ya Rebeka haitafika Jumamosi. Ndugu zangu, dada zangu, nishaurini. Niibebe ile pampu, au niiache nyuma ya mlango?