Siku Niliyomwekea Profesa Shada

Kama uliiona ile video ya mwanamke aliyevaa nyeusi, amepiga magoti mbele ya mzungu mzima wa afya, anamwekea shada la makaburini miguuni, usihangaike kuuliza kama ni mimi. Ni mimi. Sikutaka kuisimulia, maana si mtu wa maneno mengi, lakini naona wengine wanaisimulia vibaya kuliko ilivyokuwa (wapo wanaosema nilimwagia na udongo, na hilo si kweli), basi bora niseme mwenyewe.

Mume wangu, Baba Tumaini, alikuwa seremala hapa Igowole. Ugonjwa wake ulianzia mikononi. Akishika randa, vidole havikubali kuachia mpaka avisubiri, hasa asubuhi za baridi. Akikusalimia anakushika mkono na kuendelea kukushika, na kwa kuwa kwetu huku watu hushikana mikono hadi wamalize kuulizana habari za nyumbani, za shamba na za ng'ombe, hakuna aliyeona kitu, walisema tu ana upendo. Baadaye misuli ikaanza kuisha, miguu ikalegea, akawa mtu wa kitandani. Hospitali walisema ni ugonjwa wa misuli, wakaishia hapo, jina lake hawakulijua. Wifi yangu Eliza, dada yake aliyeolewa Uyole, yeye alijua. Siku ya mazishi alisimama mbele za watu akasema, "Kaka yangu alifungwa kwa uchawi, na aliyemfunga alikuwa analala naye kitanda kimoja."

Haujaisha mwaka, bado niko kwenye nyeusi zangu, nikamwona Tumaini, binti yangu wa pekee, ameshika kikombe cha chai na anautazama mkono wake. Kikombe amekimaliza, ila vidole havifunguki. Usiku ule sikulala.

Ndipo muuguzi mmoja akatuambia kwamba wanasayansi wa misuli wanakuja kukutana Iringa mjini, wanatoka nchi nyingi, na waandaaji wanataka familia ya mgonjwa iwepo kwenye mapokezi. Akawapa namba yangu. Akanipigia Bi. Rehema, msimamizi wa mapokezi, mama wa mjini mwenye sauti ya kuamrisha hata akikuombea heri.

"Mama Tumaini, wewe ndiye utakayempokea profesa mwenyewe. Uje na kwaya ya kinamama wa kanisani kwenu, na uje na maua. Mambo yakienda vizuri, nitamwombea binti yako aonwe. Yakiharibika, mama yangu, hata mimi sitakuwa na mdomo wa kuomba."

"Maua nitaleta," nikasema, nikakata simu.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeuliza tu, maua gani? Lakini mimi ndiye ninayefunga mashada ya misiba yote ya mtaani kwetu, na katika maisha yangu sijaona mtu mzima akipewa maua huku anapumua, ukimtoa bibi harusi. Nikaona hili nalijua. Nikakunja waya, nikasuka matawi ya paini, nikachomeka maua meupe yale yanayoota kando ya vijito, nikazungusha utepe wa zambarau wa dukani na kulifunika kwa nailoni. Sijawahi kufunga shada zuri kama lile, hata la marehemu mume wangu halikulifikia.

"Mama," Tumaini akasema, "hili si la makaburini?"

"Wazungu watajua la makaburini wapi?"

"Utepe umeandikwa 'Tutakukumbuka Daima'."

"Sasa si vizuri? Wewe hutaki wakumbukwe?"

Nikamwambia jambo jingine, na hili ndilo linaloniuma hadi leo. Nikamwambia mkono wake aufunike na khanga, asimpe mtu yeyote, tusije tukaaibika kabla Bi. Rehema hajatuombea. Yaani tunatoka Igowole kwenda kuonyesha mkono, na mimi namwambia aufiche. Akili za kufiwa hizo.

Iringa siku hiyo kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Tulipangwa mstari mbele ya ukumbi, wageni wakashuka kwenye magari. Sasa jamani, wote wamevaa suti nyeusi! Wanatembea polepole, hawasemi (ni uchovu wa safari, nilikuja kuelewa baadaye), na mbele yao mzee mrefu wa ndevu nyeupe ameinamisha kichwa anatazama ngazi. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti, naye ndiye aliyenimaliza kabisa, akasema, "Sasa tunamkaribisha mjane wa marehemu, aje na maua."

Maneno hayo nimeyasikia makaburini maisha yangu yote. Miguu ikaondoka yenyewe. Nikaenda kwa mwendo ule tunaokwenda, kichwa chini, nikapiga magoti, nikaliweka shada mbele ya viatu vya profesa, nikanyoosha utepe usomeke, nikarudi kinyumenyume. Kwaya nayo, badala ya wimbo wa furaha tuliofanyia mazoezi, ilipoona shada limewekwa ikaanzisha wimbo wa kuagia maiti, sauti zote nne, na Mama Gele, ambaye hulia misiba hata asiyoijua, akaanza kulia. Bwana mmoja wa serikali akavua kofia.

"Mama Tumaini!" Bi. Rehema alinong'ona kwa nguvu. "Huyo yuko hai! Unamzika?"

Nikaona nimeshampoteza mwanangu. Nafasi ya Tumaini nimeizika mwenyewe, na kwaya juu.

Profesa akainama. Akaliokota shada, akavua nailoni, akalitazama huku na huku, halafu akalivaa shingoni. Shingoni! "Yesu wangu," kinamama wakasema pamoja, wimbo ukafia hapo hapo. Wageni wenzake wakapiga makofi, na mmoja akawa anaangaliaangalia nyuma yetu kama kuna mengine. Mzee akafurahi kweli, akapita mstarini na utepe wake wa Tutakukumbuka Daima kifuani, anatushika mikono mmoja mmoja, hadi akafika kwa Tumaini na kunyoosha mkono.

Tumaini akanitazama. Mkono wa mkubwa ukinyooshwa kwako, kwetu huwezi kuuacha hewani. Akautoa wake chini ya khanga, akampa.

Haukutoka.

Watu wakaanza kucheka chini chini. Bi. Rehema akaja mbio. "Binti, mwachie mgeni!"

"Siwezi," Tumaini akasema, machozi yanamtoka. "Mama, siwezi."

Bi. Rehema akataka kuuvuta. Profesa akamzuia. Tabasamu lilikuwa limemtoka, akaweka na mkono wake wa pili juu ya mkono wa mwanangu, kama mtu anayempasha ndege joto, akasema maneno. Daktari mmoja wetu kutoka Mbeya akatutafsiria.

"Anasema msimvute, mwacheni, utaachia wenyewe. Anauliza, baba yake naye mkono ulikuwa hivi?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari za mkono wa Baba Tumaini. Hata hospitali sikusema, niliona ni wa kusalimia tu. Nikasema ndiyo, ulikuwa hivi, tulidhani ni upendo. Daktari akatafsiri. Mzee akasema huo mkono ndio anaousoma tangu ujanani, na kwamba amesafiri mbali sana kuja kuuzungumzia, kumbe umesimama mlangoni unampokea.

Vidole vikafunguka. Akaingia ukumbini na shada lake shingoni na Tumaini ubavuni, wakakaa safu ya mbele, mimi pia, na nyeusi zangu. Tumaini alipimwa, damu ikachukuliwa, na baadaye daktari wa Mbeya akapiga simu kutupa jina la ugonjwa. Ni refu, nalitamka vibaya. Dawa ya kuuondoa hakuna, walisema wazi, nami sitaki kukudanganya, ila wanamfuatilia moyo na kumfundisha mazoezi. Na walisema umo kwenye damu, umetoka ukoo wa baba.

Wifi Eliza alikuwa ameshaiona video. Alinipigia kunisuta: "Wifi, hukutosheka na kaka yangu, sasa unazika na wazungu?" Siku nilipopata jina nikampigia mimi. Nikamuuliza tu, "Wifi, mkono wako asubuhi ukoje?"

Akauliza, "Nani amekuambia?"

Alipanda basi akaja Igowole. Pale pale kituoni, mbele za watu, akanipa mkono, akanisalimia kwa lugha ya kwetu. "Kamwene, wifi." "Kamwene." Mkono haukutoka, nami sikuuvuta. Akasema kwa sauti ileile ya msibani, wote wasikie, "Huyu hajamfunga mtu. Ni damu yetu." Wiki hiyo nikavua nyeusi.

Bi. Rehema ameshaniita tena kwenye mapokezi mengine, ila amesema maua nisiguse. Nami nimeapa, sitampelekea tena maua mtu anayepumua. Profesa alituma picha, shada limekauka, amelitundika ukutani ofisini kwake, na utepe unasomeka. Haukudanganya ule utepe.