Fundi Kesho Apewa Neno

"Kijerumani nitakimaliza kabla kopo langu la vifungo halijaisha," fundi cherehani aliliambia darasa zima siku ya kwanza, na watu wakacheka mpaka mwalimu akagonga meza. Walikuwa na haki ya kucheka. Mtaani aliitwa Fundi Kesho, maana gauni ulilolipeleka kwake mwezi huu ulilipata mwezi ujao, tena likiwa na pini kwapani.

Mwalimu yule hakuwa mtu wa kukaririsha. Kila mwanafunzi alipewa nomino moja aishi nayo kazini wiki nzima, kisha arudi na sahihi ya mtu aliyeona ikitumika. Bila sahihi, mtihani huufanyi. Fundi akaangukiwa na *Termin*: saa mnayopangiana na mtu ili muonane. Unasema *Ich habe einen Termin*, nina miadi. Na inawabana wote wawili, mwalimu akasisitiza, anayengoja na anayengojwa.

Shemeji yake, muuza vitasa wa mlango wa pili, alisema kumpa Fundi Kesho neno hilo ni kumvika kuku viatu. Akamshauri alirudishe, aombe "meza".

Hakulirudisha. Alichora kalenda kwenye boksi la nyuzi, kila mteja na saa yake, akashona kama anafukuzwa. Siku nne wateja walikuta nguo zimeshapigwa pasi. Mmoja aliigeuza sketi nje ndani, akitafuta pini kwa mazoea.

Siku ya tano, mke wa daktari, mteja wake mnono kuliko wote, alipangiwa saa nne kupimwa gauni. Akaingia saa saba, simu sikioni, akamkuta mwashi ameshika suruali yake ya kazi.

"Mama, Termin yako ilikuwa saa nne. Hii ni ya mwashi."

"Wewe, Fundi Kesho, ndiye wa kunifundisha mimi saa?"

"Ndiye mimi. Jana nilikuwa mwongo, leo nina kalenda."

Mke wa daktari alikwapua kitambaa chake, akisema mafundi wamejaa kama nzi. Shemeji, aliyekuwa anachungulia mlangoni, alimkonyeza fundi amkimbilie, aombe radhi. Fundi akamsogezea mwashi karatasi na kalamu. Mwashi akatia sahihi taratibu, herufi moja moja, kisha akauliza kiraka cha goti ni kiasi gani.

Elfu mbili.