Jino Lililongoja Uhuru

Gego langu la chini, mkono wa kushoto, lilianza kuniuma wakati Wabelgiji wangali wameshika funguo za kila mlango wa Uvira. Nilikuwa kijana mwenye nguvu. Nilinunua mpunga Luberizi, nikauza mchele mjini, na shule nilikuwa nimeiacha darasa la pili, kwa sababu pale walifundisha nyimbo nyingi kuliko hesabu. Hesabu nilijifunza mwenyewe kwenye mizani. Nasema hivyo ili msomaji asitafute hapa maneno ya daktari. Ninachojua kuhusu meno nilikijua kwa mdomo wangu.

Kulikuwa na munganga wa meno, Mzungu mnene aliyeshuka kutoka Bukavu mara mojamoja na kufungua chumba kimoja pale dispanseri. Ndani ya chumba kile kulikuwa na kiti cha chuma chenye kanyagio. Ukikanyaga, mtu aliyekaa anapanda juu taratibu, kama mandazi yanavyoumuka. Wazungu walikalia kiti. Sisi tulitolewa meno nyuma ya nyumba, kwenye benchi, na mwenye kutushika kichwa alikuwa mlinzi wa lango. Sitadanganya: kazi ilikuwa nzuri. Jino lilitoka zima, mtu akaenda zake akitema damu, na kesho yake anakula ugali. Lakini mimi kiburi nilikuwa nacho hata kabla ya kuwa na suruali ya pili. Nikasema sitashikwa kichwa na mlinzi kama mbuzi anayetiwa alama sikioni. Uhuru ulikuwa unakuja, kila mtu alisema. Nitangoja uhuru, nikalie kiti.

Msinicheke peke yangu. Pale Songo, mtaani kwetu, kila nyumba ilikuwa na kitu ilichokiwekea uhuru. Jirani yangu aliacha kuziba paa lake, akisema litazibwa na serikali mpya. Mwingine alipalilia nusu ya shamba la mihogo, ile nusu nyingine akauachia uhuru. Mimi niliuwekea jino.

Uhuru ukafika. Tulicheza mpaka vumbi la Uvira likaingia ziwani. Nilikunywa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, kwa upande wa kulia tu wa mdomo. Asubuhi moja baada ya hapo nikavaa shati safi, nikaenda dispanseri kudai haki yangu. Munganga alikuwa amekwisha kuvuka mpaka kwenda Usumbura na sanduku lake la vyuma. Kiti hakikuingia kwenye gari lake, kwa hiyo kilibaki, kikawa mali ya taifa. Kwa bahati mbaya taifa nalo lilikuwa na mkubwa mpya wa mji, na mkubwa huyo hakuwa na kiti cha kumtosha.

Nilikikuta ofisini kwake. Nilikuwa nimekwenda kuomba karatasi ya kuvuka mpaka, nimfuate munganga Usumbura, maana sasa shavu lilikuwa linapiga kama ngoma. Mkubwa alikuwa amekaa mule, miguu juu, na katika kibakuli cha kutemea damu kilichoshikizwa kwenye kiti alikuwa ameweka mihuri ya serikali. Mtu akiingia na shida ndogo, alibaki chini. Shida ikiwa kubwa, alikanyaga, akapanda. Mimi nilimwona akipanda tangu nilipofungua mdomo.

"Weye unaenda kutafuta nini Usumbura?"

"Jino, shefu. Iko inaniuma."

"Taifa changa haliwezi kupeleka meno yake kwa Wazungu," akasema kutoka juu. "Vumilia. Tutaleta minganga yetu."

Akaongea kwa muda mrefu juu ya heshima ya Mwafrika. Yalikuwa maneno mazuri, nami ningeyapigia makofi kama ningekuwa na mdomo mzima. Nilitoka bila karatasi. Nyuma yangu nikasikia kiti kinashuka, pssss, kumpokea mtu mwenye shida ndogo.

Basi nikawa munganga wangu mwenyewe. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu, jirani wa stoo yangu, alinipa karafuu, na hizo zilisaidia kidogo. Halafu nikatia tumbaku. Nikatia chumvi. Nikatia maji ya betri ya kamio, yaani lori, na hapo niseme wazi: mtu yeyote atakayekushauri maji ya betri, mwambie aanze na jino lake. Yaliniunguza ulimi na ufizi, na jino lilibaki likinitazama.

Mwisho niliamua kulitoa kwa nguvu. Nilichukua uzi wa nyavu, ule wa kuvulia ndagala, nikafunga jino upande mmoja, na upande mwingine nikafunga nyuma ya kamio lililokuwa linapanda Luberizi kuchukua mpunga. Abiria wote walikuwa wameambiwa. Walikaa juu ya magunia wakinisubiri kwa furaha. Shofa kwenye usukani akapiga moto, kamio likakohoa, likakataa. Akapiga tena. Likakataa. Ndipo abiria mmoja akanipigia kelele kutoka juu: "We mwenye jino! Sukuma!" Na kweli nilisukuma, nimefungwa uzi, mate yakinitoka, mpaka kamio likashika moto na kuondoka ghafla. Nilikimbia nalo hatua kadhaa kama mbwa wa tajiri. Kisha kitu kikapasuka mdomoni.

Nilitema kipande cheupe, watu wakanishangilia. Nami nikainua mikono, mjinga mimi. Kilichotoka kilikuwa kichwa cha jino. Mizizi yote ilibaki ndani, imekatika chini ya ufizi mahali ambapo uzi haufiki wala koleo la nyumbani haliwezi kushika.

Maumivu yakatulia. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika, na ndiyo sababu naandika haya. Jino likinyamaza baada ya kuuma sana, halijapona. Limekufa, na maiti haikai ndani ya nyumba bila kunuka. Mimi nilikaa na maiti yangu nikijisifu kwa kila mtu kwamba nimejitoa jino kwa kamio. Na nilikaa nayo hivyo mpaka ulipokuja uasi dhidi ya ile serikali mpya.

Uasi ulipoingia Uvira, mkubwa wa mji alivuka usiku kwenda Usumbura bila karatasi, na kiti chake akakiacha. Waasi wakakusanya wanaume wote wa Songo wenye miguu mizima. Tukachanjwa kifuani na usoni, tukanyunyiziwa dawa. Mwenye dawa alikuwa mama mmoja wa Runingu, niliyemjua tangu alipokuwa anauza kasiksi kando ya barabara. Kasiksi yake ilikuwa na maji mengi, sasa dawa yake nayo ilikuwa maji. Lakini hakuna aliyecheka. Ukinyunyiziwa, risasi ya adui inageuka maji. Ila kuna masharti: usioge, usitazame nyuma, usile sombe, yale majani ya mihogo, na usiguswe hata kidole na mtu ambaye hakunyunyiziwa. Ukiguswa, dawa imekufa, na weye pia. Nilikubali kwa sababu ya stoo yangu. Mtu mwenye magunia ya mchele hachagui upande, upande unamchagua yeye. Tukaambiwa tujitayarishe kwenda uwanda wa Ruzizi kupigana na askari wa serikali.

Kabla ya siku ya safari, ile mizizi ikaamka. Kwanza shavu. Halafu uvimbe ukashuka chini ya taya, ukawa mgumu kama jiwe, shingo ikajaa, homa ikanipanda, na mdomo haukufunguka zaidi ya upana wa kidole. Hata mate kumeza ikawa vita. Wenzangu wapiganaji waliniweka kwenye kibaraza cha dispanseri, wakakaa mbali kidogo kwa sababu ya harufu.

Pale alibaki infirmie mmoja tu, yaani muuguzi, mzee katekista, mwenye majivuno kama mimi na koti jeupe alilolipiga pasi hata siku za bunduki. Alikuwa amekataa dawa mbele ya waasi, akisema amebatizwa mara moja na inatosha. Walimwacha kwa sababu nani angewafunga vidonda? Alinitazama kutoka mlangoni bila kunigusa.

"Huyu anaoza," akasema. "Uvimbe ukifika koo, pumzi inazibwa, na kesho mutamuzika. Hii mizizi itoke leo."

Mama wa dawa akaitwa. Alifika na kibuyu chake, akasimama kati yetu. Akasema mzee yule hana dawa, hawezi kumgusa mpiganaji. Infirmie akasema basi mpiganaji mwingine aliyenyunyiziwa aje atoe yeye. Wapiganaji wote wakatazama ziwani. Mama akafikiri, maana hakuwa mtu mbaya, na mchele wangu aliula. Akaamua hivi: mwenye kunigusa atakuwa chuma, si mkono. Koleo la meno litanyunyiziwa dawa kama mpiganaji, na mkono wa mzee utabaki nyuma ya koleo.

Mzee akakubali, akachukua koleo, akaelekea kwenye sufuria ya maji ya moto. Mama akamzuia. Ilikuwa sharti: mpiganaji haogi. Koleo likisha kunyunyiziwa haliwezi kuchemshwa, maana kuchemsha ni kuoga. Mzee akasema basi atalichemsha kwanza, walinyunyizie baadaye. Mama akafungua kibuyu, mzee akachungulia, akaona mle majani, majivu na mdudu aliyekufa. Akafunga koti lake kifungo cha juu.

"Koleo ambayo haikuchemshwa haiingii mu kinywa ya muntu. Munipige risasi kama munataka."

"Na koleo ambayo haina dawa haimuguse mupiganaji. Akufe kama anataka kukufa."

Wakaanza kubishana juu ya kichwa changu, yeye na Mungu wake, yule na kibuyu chake, na wapiganaji wakagawanyika, wengine huku, wengine kule. Hakuna aliyeniuliza. Nilijua nikiwaachia watafika jioni wote wawili na haki zao, mimi nikiwa nimezibwa koo. Nilifanya biashara na watu wa kila namna, na najua kitu kimoja: watu wawili wakigombania mlango, usiwaombe mmoja arudi nyuma. Panua mlango.

Nikavuta sketi ya mama. Nikasema kupitia ule upana wa kidole:

"Muchemshe koleo mu ile dawa."

Mama alisema dawa ikichemka inakuwa kali zaidi. Mzee alisema kuchemka ni kuchemka, hata kama ni supu ya shetani, ila ichemke sana na yeye ndiye atakayehesabu wakati. Ikachemka. Ilinuka vibaya kuliko shavu langu, na kwa mara ya kwanza wapiganaji wakanisogelea.

Sindano ya ganzi ilikuwa imekwisha siku nyingi. Walinishika wanne, wote wa dawa. Mzee akafungua mdomo wangu kwa kijiti cha mti, nacho kilitoka kwenye sufuria ileile. Akapasua ufizi kwa wembe uliochemka humohumo, usaha ukatoka mwingi, na hapo tu nikapata pumzi. Kisha akaingiza koleo. Mzizi wa kwanza ulitoka. Wa pili ukakataa. Alizungusha, akasukuma, akaegemea, jasho lake likaniangukia machoni. Nililia kwa sauti ambayo sijaitoa tena hata nilipozika watoto. Mwishowe mzee alisahau theolojia ya watu wote, akatia kidole gumba chake ndani ya mdomo wangu, akakaza taya, akavuta. Ukatoka.

Mama wa dawa alikiona kile kidole.

"Umemugusa," akasema.

Mzee akaosha mikono. Mama akanigeukia mimi. Akasema dawa yangu imekufa, kwa hiyo nitanyunyiziwa upya, nitachanjwa upya kifuani na usoni, kisha nipande kamio na wenzangu kwenda uwandani. Nami nilikuwa na pamba mdomoni, na mzee amekwisha kusema nisiteme wala nisiongee. Nilimtazama mama. Niliona macho yake hayako kwangu. Yalikuwa kwenye kisahani cha infirmie, kwenye mizizi yangu miwili iliyopinda kama ndoano.

Akauokota mmoja, akaugeuza kwenye mwanga. Akauliza kama ni kweli kwamba jino hili lilishinda kamio. Wapiganaji wakasema ni kweli, wengine wao walikuwa juu ya magunia siku ile. Akauliza kama lilishinda hata maji ya betri. Wakasema ndiyo. Alikaa akitikisa kichwa. Kitu kigumu namna ile, akasema, kikiwa ndani ya kibuyu, nani atatuweza?

Hapo nilitoa pamba mdomoni. Mzee alinikaripia, nikamwacha akaripie.

"Mama, ichukue yote mbili. Iende uwandani. Lakini miye nisinyunyiziwe tena. Jino iko mwili wangu, iende kwa jina langu."

Mama alikuwa muuza pombe, alijua mtu anapopunguza bei. Kisha akafungua kibuyu, akaitumbukiza mizizi yangu miongoni mwa majani na majivu, akatikisa, akasikiliza inavyolia ndani. Akawaambia wale wa kamio nafasi yangu imejaa.

Waliondoka mchana ule, wakiimba, kibuyu mbele karibu na shofa. Mimi nililala kwenye kibaraza cha dispanseri, shavu linashuka, koo limefunguka, na yule mzee alikuwa ananinywesha uji baridi kwa kijiko huku akinigombeza kwamba kama ningelitoa tangu lilipouma mara ya kwanza, kwenye benchi ya nyuma, ingekuwa kazi ya muda wa sigara moja. Nilikuwa nameza.