Sikio la Kulia la Nzomo

Nzomo aliacha sikio lake la kushoto kwenye barabara ya Mombasa, miaka ile ilipokuwa ikitiwa lami na kazi yake ikiwa kupasua mawe kwa baruti. La kulia lilibaki, lakini lilitaka mtu wa kulisogelea. Kanisani kwetu Kambu mtu huyo alikuwa binti yake Kasyoka, aliyeketi ubavuni mwake akimrudishia mahubiri kipande kwa kipande. Baada ya ibada Kasyoka alirudi kwa mumewe, mtoto wa Ng'ang'a mwenye duka, na Nzomo akaenda zake shambani. Mzee wa Kikamba haendi kwa wakwe wa binti yake kupiga soga, mpaka aitwe. Kwa hiyo alikuwa na Jumapili, basi.

Mwaka wa 1986 Ng'ang'a na wafanyabiashara wenzake waliotoka Murang'a, watu wasio Wakamba, walisema wamechoka kuhubiriwa kwa Kikamba, watajenga kanisa lao nyuma ya duka. Mabati walikuwa wameshanunua. Sisi Wakamba tukawaambia waende salama, kwa sauti ambayo haikuwa na salama yoyote. Wao wakienda, Kasyoka angewafuata, na hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja.

Pasta akaitisha mkutano wa mwisho. Nzomo akachaguliwa mwenyekiti, na pande zote mbili zilikubali upesi sana, maana kila upande uliamini kwamba hatasikia maneno ya upande wa pili.

Kasyoka siku hiyo aliachwa dukani. Nzomo akamwita Ng'ang'a, akamwita na Mutindi, mkuu wa akina mama, ambaye hajawahi kushindwa maneno na mtu, akawaketisha wote upande wake wa kulia. Mmoja akisema, yeye alimgeukia mwingine: "Amesema aje?"

Ng'ang'a akaanza, akasema kwa kirefu. Mutindi akainama sikioni. "Anasema Kikamba ni lugha ya washamba."

"Sijasema hivyo," Ng'ang'a akasema. "Nimesema miaka tisa naitikia Amina na sijui naitikia nini. Siku moja nimeitikia tangazo la ng'ombe amepotea."

Ikambidi Mutindi alirudie hilo neno kwa neno, huku midomo ikimcheza. Kisha akatoa lake. "Hawa watu wanatuuzia sukari kwa Kikamba safi wiki mzima. Jumapili ndio wanasahau."

"Anasema tunajifanya," Ng'ang'a akamwambia Nzomo.

"Hapana. Sema vile nimesema."

Akasema. Halafu akamgeukia Mutindi. "Lakini mama, Kikamba yangu ni ya sukari na mafuta ya taa. Haifiki mbinguni."

Ilichosha. Hasira inataka mwendo wa haraka, na hapa kila tusi lilibidi lisemwe mara mbili, mara ya pili na adui. Mwishowe tukakubaliana ibada iwe kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua sawasawa, kwa hiyo hakuna aliyependelewa.

Hata hivyo Ng'ang'a akasema mabati yameshanunuliwa na kanisa lao litajengwa tu. Nikatamani kumrushia kiatu. Kisha, nadhani kwa adabu tu, akamwuliza mwenyekiti, "Na wewe mkwe wangu, unaonaje?"

Nzomo alizoea kuongea kwa kelele. Safari hii alisema chini chini, sisi wa nyuma hatukupata kitu.

"Amesema aje?" tukauliza.

Ng'ang'a akasimama. "Anasema tukienda atakosa mtu wa kumwambia mahubiri."

"Sijasema hivyo," Nzomo akasema. "Nimesema nitakosa mtoto."

Ng'ang'a akayarudia, safari hii kama yalivyo. Kisha akaketi, na habari ya kujenga hatukuisikia tena kinywani mwake.