Siku Fundi Uledi Alipolitaja Busha Lake

Fundi Uledi Sadalla alishona kwenye baraza moja ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kwa miaka kumi na tisa, na kwa miaka mingi kati ya hiyo hakuna aliyemwona na suruali ya kubana. Alivaa kanzu, au suruali pana aliyojikatia mwenyewe. Sisi majirani tulidhani ni ustaarabu wake tu. Baraza ilikuwa ya Rogath, muuza vitenge vya jumla kutoka Rombo, na wawili hao walipatana. Walikunywa chai pamoja, walibishana Simba na Yanga mpaka mate yakawakauka, na Rogath alipooa, suti aliyoingia nayo kanisani ilitoka kwenye cherehani ya Uledi.

Vidonge ndivyo vilivyowatenganisha.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Alikuja Severa, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, binti mwenye sauti ndogo na miguu isiyochoka. Alibeba ndoo ya maji ya kunywa, boksi la dawa na fimbo ndefu yenye alama, ya kumpimia mtu urefu ili ajue ampe vidonge vingapi. Ilikuwa wiki ya kingatiba ya matende na mabusha. Dawa ni bure, unameza palepale mbele ya mgawaji, uwe mgonjwa au mzima. Akaweka meza yake karibu na baraza.

Hajakaa sawasawa, Rogath akatoka dukani na simu mkononi.

"Dada, kabla hujagawa, acha watu wasikie hii."

Akacheza sauti iliyorekodiwa, akaipandisha mpaka mwisho. Tuliijua, ilikuwa inazunguka kwenye magrupu tangu Jumatano. Mtu anayejiita daktari alisema matajiri wakubwa wa dunia wamekaa kikao huko Ulaya, wakaona Waafrika tumezidi, na njia ya kutupunguza bila bunduki ni dawa za bure. Mwaka wa kwanza mwanaume hasikii kitu. Mwaka wa tatu mbegu zimekauka. "Jiulizeni," ikamalizia, "tangu lini mkubwa akakupa kitu bure?"

"Hapo kweli," akasema Eliasi, msukuma mkokoteni. "Panadol nanunua, hizi nagawiwa. Kwa nini?"

Severa akajaribu. "Jamani, hata mimi nameza. Mama yangu mzazi anameza kila mwaka."

"Wewe unalipwa!"

Watu wakajaa. Mmoja akaipiga teke ile ndoo, maji yakamlowesha Severa miguu. Hakulia, akaanza kurudisha dawa kwenye boksi.

Uledi alikuwa anapinda kaptula za shule. Akasimamisha mguu, cherehani ikanyamaza.

"Rogath, huyo daktari anaitwa nani?"

"Hawezi kutaja jina. Watamuua."

"Anatibia hospitali gani?"

"Fundi, wewe shona."

"Nauliza. Mimi hata kiraka sishoni bila mteja kujua nani kakishona. Huyu anawaambia watu habari za uzazi wao, halafu jina hana?"

Rogath akacheka, akageukia watu. Ndipo Uledi akasimama. Aliongea kwa sauti ambayo hatukuijua kama anayo.

"Mimi nilikuwa na busha."

Nauza mabegi ya shule upande wa pili wa barabara, na nilisikia kila neno. Kisha kikapasuka kicheko ambacho nadhani walikisikia Mtaa wa Kongo. Uledi hakukaa. Alisubiri kiishe.

"Chekeni, mkimaliza mnisikilize. Nimelibeba miaka kumi na moja. Lilianza kama yai, likafika kama papai. Msikitini nilisali nyuma kabisa, kwenye viatu, nisionekane ninavyosujudu. Mtoto wangu wa mwisho nilishindwa kumpakata. Na maneno kama haya ya kwenye simu niliyasikia zamani, nikayaamini mimi! Kila mwaka wagawa dawa walikuja, kila mwaka niliwafukuza. Sasa niambieni, nani alinipunguza? Matajiri wa Ulaya? Ni mbu wa mtaro wa nyuma ya nyumba yangu, pale Ilala."

"Kwa hiyo hao wakubwa hawatuonei?" Rogath akauliza.

"Wanatuonea, sikatai. Siku ukienda kuwashitaki nishtue, twende wote. Lakini mdudu aliyenila mimi alikuwa na mabawa, hakuwa na pasipoti."

Akashuka barazani, akavua makobazi, akasimama kwenye fimbo ya Severa. "Mwaka juzi nimepasuliwa, nimepona. Nipime, binti." Akameza vidonge vyake kwa chai yake mwenyewe, kwa kuwa maji yalikuwa yamemwagwa, akafungua mdomo kama mtoto ili kila mtu aone.

Sitakudanganya kwamba mtaa mzima ulipanga foleni. Walimeza watu tisa, wengi wao mama lishe. Mimi nilikuwa wa kumi. Eliasi akaondoka na mkokoteni wake akiimba, "Papai! Papai la Ilala!"

Jioni Rogath alimwambia neno moja tu. "Jumatatu nisiikute cherehani yako hapa."

"Sawa," akajibu Uledi.

Nyumbani kulikuwa kugumu zaidi, na hili alinisimulia mkewe mwenyewe, Ummy. Habari zilifika Ilala kabla ya mumewe. Uledi alimkuta kasimama mlangoni.

"Uliniapisha nisimwambie hata mama yangu," Ummy alimwambia. "Miaka kumi na moja nimefunga mdomo. Nikiulizwa mbona mumeo hendi harusini, nadanganya. Leo wewe unaimwaga siri yangu na yako kwa wasukuma mikokoteni? Na binti yetu Nasreen anaposwa mwezi ujao?"

Uledi alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akamwomba radhi mara tatu. Ummy alikataa kumpakulia kwa siku mbili. Siku ya tatu shemeji mmoja akapiga simu kumpa pole ya aibu, na Ummy akajisikia akimjibu kwa ukali, "Aibu gani? Ulitaka aozee nalo?" Baada ya hapo akapakua. Watu wa upande wa bwana harusi walikuja kama walivyopanga, wakala wakashiba, na hakuna aliyeuliza.

Uledi nilimkaribisha mimi na cherehani yake, kwenye kibaraza changu chembamba ambacho jua linakipiga tangu saa nne. Wapita njia walimwita Mzee Papai. Mwanzoni nilikasirika kwa niaba yake. Yeye alijibu bila kuinua kichwa, "Lilikuwepo, halipo. Lako je?"

Kisha wakaanza kuja wengine. Wa kwanza alikuwa Onesphory, tuliyezoea kununua kwake zipu na vifungo. Alileta kitambaa kizuri cha kijivu.

"Nishonee suruali, fundi. Kiuno cha kawaida." Akatazama pembeni. "Ila hapa katikati iwe pana."

Uledi akakunja kile kitambaa, akamrudishia. "Una muda gani nalo?"

"Miaka mitano."

"Suruali hii nitakushonea ukitoka kupasuliwa. Alhamisi nitakupeleka hospitali mwenyewe." Na alimpeleka. Mpaka mwaka unaisha aliwapeleka wanne, na majina ya wengine watatu hakuniambia hata mimi.

Miezi miwili baada ya kumfukuza, Rogath alivuka barabara. Wateja walikuwa wanaiulizia cherehani kwake, wakiambiwa imehama nao wanahama. Alisimama karibu na mabegi yangu, akaongea kwa sauti ya chini.

"Rudi, fundi. Pale ni pako."

"Kwa masharti gani?"

"Yale mambo ya dawa tu usiyalete." Kisha akasema jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua. "Wewe una watoto wanne, unaweza kujaribu chochote. Mimi mwaka wa nne huu kwenye ndoa, na hatuna hata mimba iliyoharibika. Unataka nimeze kitu nisichokijua?"

Nilimwona Uledi uso ukilainika.

"Pole, ndugu yangu. Kweli pole. Nendeni mkapime, wewe na mkeo, wote wawili. Ukitaka mtu wa kukusindikiza nipo. Lakini Severa akija tena nitasimama naye, na nitasema kwa sauti kama nilivyosema. Kwa sharti lako sirudi."

"Utaungua na jua hapa."

"Nitaungua."

Rogath akarudi dukani kwake. Sauti za kwenye simu bado anazisambaza, nazipata kila wiki, na asubuhi wanasalimiana kwa mbali. Uledi alininunulia turubai la bluu, tukalifunga pamoja juu ya kibaraza. Kingatiba ya mwaka huu ilipofika, Severa hakuuliza aweke meza wapi. Aliileta moja kwa moja chini ya lile turubai, na Uledi akasogeza cherehani kumpisha.