Ngazi za Kushukia kwa Mama Mkwe

Kiwanja changu hapa Mpanda kina mteremko mkali kiasi kwamba kuku akitaga upande wa juu, yai unalifuata kwa jirani. Fundi alipopima msingi akatikisa kichwa. Kujaza kifusi upande wa chini, alisema, ni kuhamisha mlima mzima, afadhali pale chini tupate chumba. Alipolitamka tu neno andagraundi, nilirefuka sentimita kumi palepale.

Mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza, miezi minne, na alitaka kitu kimoja tu: mama yake aje kutoka Mamba, akae naye mpaka mtoto apate nguvu. Chumba cha chini kikawa cha mama mkwe. Kikabaki kipengele cha ngazi zipite wapi, na hicho nilikichukua mwenyewe, maana nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mtu mzima na ndevu zangu, na somo lililonipenda kuliko yote ni hesabu. Lilinipenda kwa alama D, lakini lilinipenda. Nikachora ramani ambayo mainjinia wa Dodoma wangeiona wangerudi shule. Ngazi nikazitupa katikati ya sebule, zitazamane na mlango mkubwa, ili mgeni kabla hajakaa aulize, "Kumbe na chini kupo?" Jibu nilishaliandaa. Lilikuwa na utangulizi na hitimisho.

Mke wangu aliniuliza mara mbili kama nimemfikiria mama. Nikamwambia nimefikiria mpaka upana wa kila kidato. Fundi akamwaga zege la sakafu, akaacha tundu la ngazi, akapiga mbao za kumwagia zege la ngazi.

Kuta zilipofika kwenye lenta, mama mkwe akaja kuona. Kwao ni Wasukuma waliohamia Mamba na ng'ombe wao, na huko mama mkwe na mkwe wake huheshimiana hadi kukwepana: hawatazamani usoni, hawapishani mlangoni, na kama yupo mtu wa kupitishia maneno, basi maneno yapite kwake. Nilikuwa nayaishi hayo miaka yote ya ndoa. Kwenye karatasi tu ndiyo yalinitoka.

Alisimama ukingoni mwa tundu, kanga kaivuta hadi kwenye paji la uso. Mimi hatua tatu tu kutoka pale, nimegeukia ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Fundi, muulize mwenye nyumba. Nikiamka alfajiri kwenda msalani, napita wapi?"

"Bosi, anauliza anapita wapi."

Nikamjibu fundi kwamba anapanda ngazi, anavuka sebule, anafuata korido.

"Na mwenye nyumba akitoka kuoga?"

Korido ilikuwa hiyohiyo.

"Amejifunga taulo," mama mkwe akaongeza, taratibu kabisa. "Fundi, mwambie nitafikia kwa mdogo wangu Sitalike. Nitakuwa nakuja kusalimia."

Kutoka Sitalike unakuja na gari, na uchungu haungojei gari. Mke wangu aliketi juu ya rundo la matofali, mikono tumboni, akanitazama mimi, si mama yake.

Nikaanza kujitetea kwa ukuta. Nilieleza pembe, mwinuko, hewa inavyozunguka, nikafika hadi kwa Wamisri na majengo yao. Fundi akanikoholea.

"Bosi, hii yote nimwambie?"

Nikachukua nyundo nizing'oe mbao mwenyewe, kiume. Ubao wa kwanza ukagoma, fundi akanionyesha misumari iliko. Nikaiacha nyundo, nikazunguka nyuma kwenye mteremko, nikachora mstari ardhini kwa kijiti: ngazi za nje, mlango wake, choo chake upande uleule. Lile tundu la sebuleni lizibwe kwa zege, sebule yangu iwe na sakafu kama za watu wote.

Mama mkwe akaja kuutazama mstari. Alivyokuwa akizungukia huku, mimi nazungukia kule. Akauangalia muda mrefu, halafu akamgeukia fundi.

"Kitanda changu ni kipana. Kitapita mlango huu?"

"Kitapita, mayu," mke wangu akamjibu mama yake kabla ya fundi, keshainuka kwenye matofali.

Nikamnong'oneza fundi aupanue mlango.